Barua ya Wazi: Mayatima wa Tsavo Wamepata Kundi, Sasa Waachieni Njia

Kwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori, Waziri wa Barabara na Uchukuzi, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS), na magavana wa Taita Taveta, Kwale na Kilifi.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, naweka ombi langu mbele lisije likapotea katikati ya maneno. Kabla barabara kuu ya Mombasa–Nairobi haijapanuliwa, na kabla kipande kingine cha ranchi za Taita hakijazungushiwa ua, tengeni kisheria mapito ya ndovu kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Vivuko vyao navyo vijengwe pamoja na barabara, visingoje miaka baada yake. Hayo mengine yote nitakayoyasema ni sababu.

Mimi ni dereva wa watalii, mkazi wa Changamwe. Nachukua wageni alfajiri kwenye mahoteli ya Nyali, Bamburi na Diani, tunapita Mariakani, Samburu, Taru na Mackinnon Road mpaka lango la Bachuma, au tunaendelea hadi Voi. Wageni hao wamefuata bahari. Lakini wakisharudi kwao, picha wanayowaonyesha jamaa zao kwanza ni ya ndovu wa Tsavo, wekundu kwa vumbi kuanzia masikioni mpaka kwenye kucha. Bila ndovu hao Pwani yetu ingebaki na bahari tupu, na bahari iko nchi nyingi. Kwa hivyo msinihesabu kama mtu anayewahurumia wanyama kwa mbali. Ndovu ndio walionisomeshea watoto.

Naandika juu ya mayatima.

Nyinyi mnalijua jambo hili, maana kibali kinatoka kwenu. Ndama wa ndovu aliyebaki peke yake huokolewa na askari wa KWS pamoja na watu wa Sheldrick Wildlife Trust, hupelekwa kulelewa kwenye Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na akishapata nguvu hurudishwa Tsavo, katika vituo vya Voi na Ithumba, au msitu wa Kibwezi pale Umani. Kuna ambao mama zao waliuawa kwa ajili ya pembe. Kuna waliotumbukia kisimani usiku, kundi likazunguka na kupiga kelele mpaka kulipokucha, likalazimika kuondoka. Na kuna wa ukame, ambao siku hizi ni wengi.

Jambo ambalo wengi hapa Pwani hawalijui ni kwamba nazi ndiyo iliyowaokoa watoto hawa. Kwa miaka mingi Daphne Sheldrick, mke wa David Sheldrick aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Tsavo Mashariki, aliwaona ndama wachanga wakimfia mikononi kwa sababu matumbo yao hayawezi mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Akajaribu hiki na kile mpaka akapata mchanganyiko wenye mafuta ya nazi, na mwaka 1974 ndama mchanga aliyeitwa Aisha akaishi nao kwa miezi. Kisha Daphne akasafiri kwa ajili ya harusi ya bintiye. Aisha alikuwa amemzoea yeye peke yake. Akakataa kula, akadhoofika, akafa. Tangu hapo walezi hupokezana zamu: ndama halali na mlezi mmoja kila usiku, ili moyo wake ushikamane na jamaa nzima badala ya mtu mmoja.

Nimewatazama walezi hao kazini nikiwa na wageni wanaochangia malezi ya ndama fulani. Makoti ya kijani, buti zenye matope, chupa kubwa mkononi. Ndama mdogo hakubali chupa hivi hivi. Hutundikiwa blanketi, akalisogelea, akaegemeza mkonga wake pale kama ambavyo angeuegemeza kwenye tumbo la mama, ndipo anaponyonya huku amefumba macho. Baada ya saa tatu chupa nyingine, mchana na usiku, na maziwa hayo atayahitaji kwa miaka. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na hao wanalea wana wasiokuwa wao, wenye uzito wa ng'ombe.

Kazi ya chupa inasifiwa sana, na inastahili. Iliyo ngumu zaidi haipigwi picha: kuwafanya watoto wasiojuana wawe kundi.

Ndovu jike hukua kati ya nyanya, mama, makhalati na dada, na mkubwa wao ndiye anayeamua leo tunakwenda kunywa wapi. Dume hukaa humo mpaka afikie miaka 12 hivi au 15, kisha hujitenga akatafute madume wenziwe. Mayatima hawana hata chembe ya undugu wa damu. Mmoja ameokotwa Galana, mwingine kwenye ranchi ya Taita, mwingine katoka Samburu ya kaskazini. Hawa wasingekutana maisha yao yote. Lakini lori linapowashusha mayatima wapya kutoka Nairobi, wale wakubwa huja mbio, huwanusa mdomoni na shingoni, huwazunguka, na majike walio bado wasichana hushindania kumchukua mdogo. Usiku wa kwanza mgeni halali bila kuguswa. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za Eleanor, jike aliyelelewa Tsavo kuanzia miaka ya 1960, ambaye kwa miongo aliwapokea mayatima wa Voi mmoja baada ya mwingine akawa mama yao. Baadaye akaja Emily, aliyeokolewa kutoka shimo la choo kule Manyani akiwa mchanga, naye akawa kiongozi wa kundi lenye watoto wa watu wengine.

Siku moja tulikuwa tumesimama mbali na dimbwi la matope. Mayatima walikuwa wanaogelea mle, wanapandana migongo, walezi wamekaa chini ya mti. Likatokea kundi la mwituni kutoka vichakani, majike watano hivi na watoto wao. Walezi wakainuka bila haraka, wakarudi nyuma, wakanyamaza. Jike mkubwa wa kundi lile, pembe yake ya kushoto imekatikia katikati, akaja polepole mpaka kwa yatima mmoja aliyekuwa ameganda kwa woga, akanyoosha mkonga akautia ncha mdomoni mwa yule mtoto. Ndiyo salamu yao. Yatima naye akainua wake, unatetemeka, akajibu. Wageni wangu walikuwa wanalia. Mimi pia. Kundi liliponyanyuka kuondoka, wasichana wawili wa mayatima walilifuata hatua nyingi, wakasimama, wakaangalia kwa walezi, wakaangalia kwa kundi, mwisho wakarudi. Kuna siku hawatarudi, na hiyo ndiyo siku walezi wanayoiomba. Wengi wameshafika huko. Wamezaa mwituni, na baadhi yao huleta ndama wa siku chache hadi kwenye boma walikolelewa, wakae kidogo, kisha waende zao.

Sasa, waheshimiwa, msidhani kundi likishaundwa kazi imekwisha.

Afrika Kusini walilipia somo hili. Serikali yao ilikuwa ikipunguza idadi ya ndovu wa mbuga ya Kruger kwa bunduki: wakubwa wanauawa, ndama wanahamishwa. Baadhi ya ndama hao walipelekwa hifadhi ya Pilanesberg bila mzee hata mmoja wa kuwaongoza. Walipobalehe, madume wakapandwa na ashiki mapema kuliko kawaida na ikadumu kuliko kawaida, wakaanza kuua vifaru. Kati ya 1992 na 1997 waliua vifaru weupe zaidi ya 40. Mwaka 1998 wakaletwa madume 6 wakubwa kutoka Kruger, na mauaji yakakoma, kwa kuwa dume mchanga akiwa karibu na mkubwa wake hupoa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa Pilanesberg uliwafunza watoto wale kuua. Watafiti walikwenda baadaye wakawapigia majike wa huko na wa Amboseli yetu sauti za ndovu wengine zilizorekodiwa. Wa Amboseli walijua ipi ni ya jamaa, ipi ya mgeni, ipi ya mkubwa wa kuogopwa. Wa Pilanesberg, miongo baada ya kupoteza mama zao, walishindwa kupambanua.

Ndiyo maana mayatima wetu wanahitaji kukutana na wazee wa Tsavo. Hawawezi kufunzwa na walezi mahali pa maji ya mwaka wa shida, kwa sababu walezi hawajui. Anayejua ni jike wa miaka 50 aliyewahi kupelekwa huko na mama yake. Jirani zetu Tanzania wamelishuhudia hilo Tarangire katika ukame wa 1993. Familia zilizokuwa na majike wazee, wenye umri wa kutosha kuukumbuka ukame wa 1958 hadi 1961, zilitoka nje ya mbuga kutafuta maji na malisho, na ndama wao wengi wakapona. Familia zilizobaki ndani zilipoteza zaidi.

Mtazame vizuri kilichowaokoa. Mzee alikumbuka, na njia aliyoikumbuka ilikuwa bado wazi. Kimoja bila kingine hakifai kitu. Sisi hapa Kenya tulipata ukame wetu juzi tu: wizara ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba 2022 ndovu 205 walikufa. Baadhi ya mayatima mnaowaona sasa wakikua Voi na Ithumba ni wa miaka hiyo. Ukame mwingine utakuja, na wao ndio watakaokuwa wameshika kundi, wana ndama wao wenyewe miguuni. Watapita wapi?

Tsavo mbili kwa pamoja zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na mtu akisikia hivyo husema basi ndovu wana nafasi. Anayeendesha gari katikati yake kila wiki anaona mengine. Kati ya Mashariki na Magharibi kuna ranchi za Taita, kuna reli ya zamani, kuna reli mpya iliyofunguliwa 2017, na kuna barabara ambayo malori ya bandari ya Mombasa hayalali. Ndovu hawajawahi kuzigawa hizi mbuga mbili. Kwao ni nchi moja, na mvua ikinyesha upande huu wanakuja huku.

Reli ilipokuwa ikijengwa, mwaka 2016, ndovu 10 walivishwa kola za satelaiti ili ijulikane wanapita wapi. Reli ikawekewa madaraja na vivuko vya wanyama, na ndovu wapo wanaovitumia. Kwa hilo nawashukuru kwa dhati, kwa sababu ingewezekana kabisa kusiwe na kitu. Lakini ndovu akishapita chini ya reli anakutana na lami. Jioni moja, kabla ya kufika Maungu ukitoka Mombasa, nilikuta kundi limesimama kando ya barabara, ndama katikati ya miguu ya wakubwa. Nikazima injini, nikawasha taa za tahadhari. Aliyetangulia akaweka mguu mmoja kwenye lami. Lori likapiga honi kutoka mbali, akaurudisha. Akajaribu tena, likapita basi. Kila gari likipita alikuwa ananusa hewa kwa mkonga ulioinuliwa, anangoja. Giza likaingia. Mwisho akageuka, akawasukuma wadogo kwa kiuno, wakarudi walikotoka. Upande wa pili kulikuwa na maji. Hiyo ni barabara ya njia mbili. Je, ya njia nne yenye kizuizi cha zege katikati?

Tena si kwamba hatujui la kufanya. Mlima Kenya, chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, kilijengwa kivuko cha ndovu, na mwanzo wa 2011 dume wa kwanza akapita. Baada yake wakapita wengine, na wanaendelea kupita. Ndovu hahitaji kuelezwa mara nyingi. Anahitaji kivuko kiwe mahali alipozoea kupita, kiwe kipana na kirefu kwenda juu, na pande zote mbili kuwe na ardhi ambayo hakuna aliyejenga. Ramani za zile kola mnazo. Walezi, wachungaji wa ranchi na askari wa doria wanajua zilizobaki. Naomba mhandisi wa barabara akae na hao kabla hajachora mstari wa kwanza.

Mkitaka kuona njia ikifungwa kabisa huwa nini, nendeni Kwale, si mbali na kivuko cha Likoni. Ndovu wa Shimba Hills zamani walikuwa na pa kupumulia. Mashamba na makazi yakawazunguka, wakabaki kwenye hifadhi ndogo iliyowekwa ua, wakazidi msitu wenyewe. Jamii za Mwaluganje zilijitolea ardhi yao kuwaongezea nafasi, na hilo ni jambo kubwa ambalo Wadigo na Waduruma hawajasifiwa vya kutosha. Hata hivyo mwaka 2005 ikabidi ndovu 150 wapigwe sindano ya usingizi, wapandishwe malori, wapelekwe Tsavo Mashariki. Fikirini gharama yake, hatari yake, na ndama aliyeamka mahali ambapo mama yake mwenyewe hapajui. Safari ambayo babu zao waliijua kwa miguu.

Najua magavana watasema: na watu wetu? Nakubaliana nao kabisa. Mkulima wa Sagalla au Kasigau anayeamka na kukuta mahindi na pojo vimelala chini, tangi la maji limepasuliwa, watoto hawawezi kwenda shule kwa sababu ndovu yuko njiani, huyo hana kosa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inampa mjane wa aliyeuawa na mnyama shilingi milioni 5. Iko kwenye karatasi. Fedha zenyewe huchelewa miaka, na mjane anayezungushwa na faili kutoka ofisi hadi ofisi hatuwezi kumwambia awapende ndovu. Anayepanga kuweka sumu kwenye matikiti hakuanza kwa kuwa mtu mbaya. Mheshimiwa Waziri, lipeni malimbikizo hayo kwanza. Bila hayo kila pito mtakalotenga litaitwa shamba lililoporwa, na wanaosema hivyo watakuwa na haki.

Na pale Sagalla kuna dawa ambayo kaunti zinaweza kuieneza kesho asubuhi. Mizinga ya nyuki imetundikwa kwenye waya kuzunguka shamba. Ndovu akiusukuma waya mizinga inayumba, nyuki wanatoka, naye huwaogopa sana nyuki, maana humwingia mkongani na machoni. Si kila usiku inafaulu. Ila mara nyingi anageuka, na mwisho wa msimu mwenye shamba ana asali ya kuuza. Ni watu wa mashirika ya hisani wanaoilipia sasa. Kwa nini isiwe kwenye bajeti ya kaunti, kando ya kila pito litakalotengwa? Pesa za lango la mbuga zinatoka kwenye ardhi hiyo hiyo.

Neno moja juu ya mji wangu. Mombasa ina deni. Mwezi Mei 2014 aliuawa Satao, dume mwenye pembe za kugusa ardhi, kwa mshale wa sumu ndani ya Tsavo Mashariki. Mwezi uliofuata zikakamatwa zaidi ya tani 2 za pembe kwenye yadi moja ya magari hapa mjini. Sisi ndio tulikuwa mlango. Ukaguzi wa makontena umeimarika tangu wakati ule, na ndovu wazee waliopo leo wako hai kwa sababu hiyo. Tafadhali msiulegeze. Kila jike mzee anayebaki ni mwalimu wa mayatima hao.

Najua mradi wa barabara una vikao vya maoni ya umma, kama sheria inavyotaka. Naomba visifanyiwe kwenye ukumbi wa hoteli Nairobi wala hapa Mombasa. Vifanyieni Maungu na Voi, chini ya miti ikibidi. Waiteni walezi wa mayatima, wakulima wa Sagalla na Kasigau, wachungaji wa ranchi, madereva wa malori na sisi wa watalii. Mhandisi aje na ramani yake, tutamwekea kidole kila mahali wanapovukia. Na iwapo kuna yeyote kati yenu anayetaka kupaona kabla ya siku hiyo, gari langu lipo. Nitamchukua Mombasa saa kumi alfajiri bila malipo, siku atakayochagua mwenyewe, na tutakaa kando ya barabara mpaka watokee.

Wenu mtiifu,

Dereva wa watalii,
Changamwe, Mombasa